Ukarabati Mdogo wa Sanamu ya Kibirizi

Nimekabidhi funguo saba za stoo ya halmashauri, na mmoja kati ya hizo sikuwahi kujua unafungua nini. Aliyenitangulia alinikabidhi hivyo hivyo, naye alikabidhiwa hivyo hivyo. Msiutupe. Siku mtakayoutupa ndiyo siku mlango wake utakapoonekana.

Vijana wa ugavi mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Vyeo sitaviandika, vilikuwa viwili na havikubadilisha kiti nilichokalia. Nitaandika siku ya kwanza, aliyenifundisha, vifaa tulivyotumia, na kosa moja. Makosa yangu yalikuwa mengi, lakini hayo mengine yalifutika kwa kifutio.

Nilifika stoo nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati jeupe. Mtunza stoo mkuu alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji, mwenye kofia safi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa juu ya mapipa ya lami kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Sikukuuliza umemaliza nini."

Akanipa brashi, kopo la rangi nyeusi na kipande cha bati kilichotobolewa herufi na tarakimu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupaka namba kwenye viti vya ukumbi. Unaweka bati, unagonga brashi kidogo kidogo, huburuti, kwa sababu ukiburuta rangi inaingia chini ya bati na nane inakuwa sifuri. Nilifanya vizuri mpaka saa nne, diwani mmoja alipoingia na kukaa kabla rangi haijakauka. Akaondoka na namba yetu kwenye suruali. Mzee Hamisi alisema kwamba kwa taratibu diwani yule sasa ni mali ya halmashauri, ila tusimwingize kwenye leja kwa sababu hatujui anatumika wapi.

Mzee Hamisi alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, mali ya umma ipakwe namba mahali panapoonekana. Ya pili, usifute kitu wala kukibadilisha kabla hujaenda kukiona kwa macho na kuwauliza wanaohusika nacho. Hiyo ya pili alinifundisha kwa toroli. Nilikuwa nimeliandika kuwa bovu, halina gurudumu, lifutwe. Akanituma sokoni kwa miguu. Nikamkuta mama mfagiaji ametia maji ndani ya lile toroli na anayatumia kunyunyizia vumbi kabla ya kufagia.

"Mnataka kulichukua?" akaniuliza. "Chukueni basi na vumbi lenu."

Nilirudi, nikafuta neno "bovu". Mzee Hamisi aliendelea kula mihogo yake.

Alistaafu, nikashika funguo mimi. Haukupita muda mrefu, ikaja miaka ya wakimbizi. Mliozaliwa baadaye mmesikia habari zake. Sisi wa stoo tuliiona kwa blanketi. Stoo yetu ilijaa mali isiyo yetu, ambayo hatukuruhusiwa kuipaka namba, na kila boti kutoka ng'ambo ilipotia nanga Kibirizi, malori yalikuja kuchukua watu kuwapeleka kambini na mengine yalikuja kwetu kuchukua vitu. Uwanja wa mpira uliwekewa mbao zilizobandikwa picha za watu waliopoteana na jamaa zao. Ukienda kutazama mechi ilibidi upite kwanza mbele ya nyuso zile. Wengi tulijifunza kupita haraka.

Katika miaka hiyo shirika moja la wageni liliamua kuwashukuru wenyeji. Halmashauri ikaulizwa inataka nini. Tukaandika barua kuomba lori la taka. Jibu likaja kwamba ombi letu limepokelewa kwa furaha na mji utapata sanamu tatu. Baraza likakaa. Diwani mmoja akauliza kama sanamu zinaweza kubeba taka. Akajibiwa kuwa haziwezi. Hoja ikapita.

Leja haikuwa na ukurasa wa sanamu. Niliziingiza kwenye samani za nje, baada ya mabenchi na kabla ya mapipa ya takataka. Ziko hapo mpaka leo.

Fundi wa sanamu alitoka kambini kwa kibali. Aliitwa Asukulu, mtu wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji. Alikuja stoo na karatasi ya mahitaji iliyoandikwa vizuri kuliko zile za mhandisi wetu: nondo, waya wa kufungia, wavu wa banda la kuku, saruji, na magunia ya zamani. Vifaa vyake mwenyewe vilikuwa viwili, kijiko cha kulia na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha.

"Hivi ndivyo unavyofanyia kazi?" nikamuuliza.

"Kijiko ni cha nyama, spoku ni ya macho," akasema.

Alisuka mifupa kwa nondo, akaivika wavu, akaikandika saruji, kisha akafunika na magunia mabichi. Magunia yanamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa juma zima. Saruji inayokauka upesi hupasuka. Nawaandikia hili kwa sababu siku hizi nawaona mnajenga vitako vya nguzo na kuviacha juani, halafu mnailaumu saruji.

Sanamu ya kwanza ilikuwa samaki, mgebuka, karibu na stesheni ya reli. Wazee walisimama kuhesabu mapezi, wakakuta yako sawa, wakaondoka bila kupongeza. Ya pili ilikuwa mtumbwi, ikawekwa Katonga. Haikumaliza wiki, wavuvi wakawa wanaanika nyavu juu yake, na sijaona uhakiki mzuri kuliko huo. Ya tatu ilikuwa mwanamke aliyebeba beseni la dagaa kichwani. Aliwekwa Kibirizi, pale boti zinapofikia, akitazama njia ambayo watu hupanda kutoka majini.

Nilikuwapo siku Asukulu alipotengeneza uso. Alifanya kazi ile kwa spoku, karibu sana, kama mtu anayemtoa mwenzake kibanzi jichoni. Ulikuwa uso mpana. Jicho moja lilikuwa dogo kidogo kuliko jingine. Mdomo ulifungwa upande mmoja, kama mtu anayetaka kucheka lakini ana kitu kati ya midomo.

"Macho hayako sawa," nikamwambia. Nilikuwa nimezoea kukagua.

"Ndivyo yako."

"Kwa nani?"

Akafuta spoku kwenye suruali. "Bwana Stoo, ile ni sura ya bibi yangu." Kwao bibi ni mke. "Ni mushonaji. Siku zote ana pini mudomoni, hata ukimwambia neno la kuchekesha, anacheka hivyo, kwa upande. Siku ya kukimbia maboti ilikuwa mbili. Mie niliingia ya mbele na muzigo. Yeye na mutoto walikuwa ya nyuma. Ya nyuma haikufika."

"Umekwenda kwenye zile mbao za uwanjani?"

"Nimekwenda. Wanaomba foto. Foto iliungua na nyumba." Akatazama kazi yake. "Sasa mie nimefanya foto ya simenti. Watu wa kwetu wote wanashukia hapa. Mutu akimuona atasema, huyu namujua, nilimuacha fulani. Ao yeye mwenyewe atashuka."

Nilielewa. Naandika hivyo ili asije mtu akanitetea baadaye kwamba sikujua.

Tukamfunika magunia. Siku ya pili nikaenda kumwagia maji mwenyewe, kwa sababu Asukulu alikuwa ameitwa kambini kutia mhuri kibali chake na angekaa huko siku tatu. Nilipofunua magunia, Bi Mwajuma, mfanyabiashara wa dagaa ambaye meza yake ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akanipigia kelele.

"Wee Bwana Stoo! Huyu mama yenu ananitazama nikipima dagaa! Mwambie ageukie ziwani, na mimi nina watoto wa kulisha!"

Wenzake wakacheka. Ulikuwa utani wa Kibirizi, lakini mimi niliupokea kama malalamiko. Uzinduzi ulikuwa mwisho wa juma, na wazee wa msikiti wa Ujiji walikuwa wamealikwa kuja kusoma dua. Samaki na mtumbwi havikuwa na shida. Lakini mtu mzima, mwenye uso, anayetazama! Mimi ni Muha wa upande wa Mwandiga, nimekua kanisani, na tangu siku ya kwanza kazini nilikuwa na hofu moja: kuwakwaza watu wa Ujiji kwa jambo ambalo wao wanalijua na mimi silijui. Kichwani niliona wazee wakifika, wakiitazama ile sanamu, wakigeuza magari. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Niliyaona yote mwenyewe, nikiwa na ndoo mkononi.

Kutoka stoo hadi barazani kwa Mzee Hamisi, Ujiji, ni mwendo mfupi wa baiskeli, na baiskeli ninayo. Sikwenda. Nilijiambia si vizuri kumsumbua mstaafu.

Nikamwita Mikaeli, mpiga lipu wetu wa halmashauri, Muha mwenzangu, mtu ambaye hajawahi kuniuliza swali.

"Piga lipu hapa," nikamwonyesha uso.

Siku hiyo akauliza. "Hapa pote?"

"Pote. Laini."

"Na pua?"

"Na pua."

"Ego, Bwana Stoo," akasema, yaani ndiyo, akachukua mwiko. Saruji ya Asukulu ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo lipu ilishika vizuri. Haikuchukua hata nusu saa. Nilitoa saruji nusu karai, na kwenye vocha, mahali pa kueleza kazi, niliandika: ukarabati mdogo.

Asukulu alirudi siku moja kabla ya uzinduzi. Akafunua magunia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na maelezo yangu yote, nimeyapanga vizuri, ya dini na ya ujirani mwema. Aliweka kiganja pale uso ulipokuwa, akakiacha hapo.

"Nani alimufunika?"

"Ni uamuzi wa ofisi," nikasema. Ofisi ilikuwa mimi.

"Nipe saa moja. Nitabandua polepole."

"Kesho wageni wanakuja. Ukibandua leo utaharibu. Baada ya uzinduzi tutaona."

"Bwana Stoo, saa moja."

"Baada ya uzinduzi."

Akarudisha gunia, akalinyoosha kingo.

Kesho yake wazee wa Ujiji walifika, na Mzee Hamisi akiwa mmoja wao, kofia safi kama siku zote. Dua ikasomwa. Kitambaa kikaondolewa. Watu wakapiga makofi machache. Mzee Hamisi akasogea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, huyu mama mbona hana uso?"

"Tulidhani, Mzee, kwa heshima yenu..."

"Mlimuuliza nani?"

Nikaanza kukunja kile kitambaa.

"Kuna mzee wa Ujiji alikuja kukwambia toa uso?"

"Hapana, Mzee."

"Sisi tuna mengi ya kukataa," akasema, bila kupandisha sauti, "lakini huwa tunakataa wenyewe. Hii sikuambiwa, na ningeulizwa ningekwambia iwekeni mbali na msikiti na muendelee na kazi yenu. Mrudishie mama wa watu uso wake."

Bi Mwajuma, kutoka mezani kwake, akaongeza: "Na mimi nilikuwa nataniana naye tu! Sasa nitataniana na nani, mkungu wa ndizi?"

Mngetarajia kwamba niliurudisha siku hiyo hiyo. Mradi ulifungwa na uzinduzi, na kibali cha Asukulu kikaisha pamoja na mradi. Alipandishwa lori la kurudi kambini jioni ile, kijiko na spoku mfukoni. Ili atoke tena ilihitajika barua yangu ya kuomba kibali kipya kwa kazi ya marekebisho. Barua ya mistari mitano. Lakini tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kuhesabu mali za mwaka, na nilijiambia nikimaliza kuhesabu nitaandika.

Nilikuwa katika kuhesabu huko nilipokwenda Kibirizi na bati langu la namba, kuipaka sanamu. Ilikuwa asubuhi, boti imeshusha watu, nao wamekaa kwenye vivuli wakisubiri lori. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kitako cha sanamu, na furushi lake limeegemea mahali hasa nilipotaka kupaka. Mahali panapoonekana. Mtoto amelala mapajani mwake. Alikuwa anashona gunia lililochanika.

"Dada, samahani, sogea kidogo nipake namba."

Akasogea. Akasogeza na furushi. Nikaweka bati, nikaanza kugonga brashi. Nilikuwa nimefika tarakimu ya tatu nilipomtazama tena. Alikuwa na pini kati ya midomo, upande mmoja.

Sasa, wanawake wengi hushona, na kila anayeshona huweka pini mdomoni. Uso wake ulikuwa mpana, lakini ulikuwa na uchovu na vumbi, na nyuso pana ni nyingi. Nilitaka kulinganisha. Nikainua macho kutazama sanamu.

Lipu. Laini, kama nilivyoagiza.

Nilijaribu kuukumbuka ule uso. Jicho dogo lilikuwa la kulia au la kushoto? Mimi ambaye niliwahi kulitoa kasoro sikuweza kulikumbuka. Nikasema nimuulize jina la mumewe, lakini katika miaka ile mgeni akiulizwa jina la mumewe na mtu wa serikali aliyeshika daftari hujibu lolote. Nikamuuliza hata hivyo.

"Mume wako anaitwa nani, dada?"

Akatoa pini mdomoni. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Sina mume," akasema, akaangalia daftari langu.

Nikataka kumtajia jina la mke wa Asukulu nione kama atashtuka. Hapo ndipo nilipogundua silijui. Miezi yote ile alisema bibi yangu, bibi yangu, nami sikuuliza, kwa sababu vocha haina mahali pa jina hilo. Ningeweza kumtajia Asukulu. Mpaka leo sijui kwa nini ulimi ulichelewa. Nilikuwa nimeinama bado natazama ile lipu. Lori likapiga honi, watu wakainuka pamoja, yeye akambeba mtoto, mwenzake akamnyanyulia furushi, na walipopanda sikuweza tena kumtofautisha na wengine. Nilikimbia nikiita "Asukulu! Asukulu!" nyuma ya lori. Watu wawili wakaitika, wote wanaume.

Siku ya pili nilikwenda kambini bila barua, kwa basi la kupitia Mwandiga. Nilimkuta anatengeneza jiko la udongo la jirani. Nikamweleza yote, tangu Bi Mwajuma mpaka pini. Alisikiliza akiwa ameshika udongo.

"Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo?"

"Sikuweza kujua."

"Ulimutazama?"

"Nilimtazama. Halafu nikatazama sanamu."

Akaelewa, naye akaacha hapo. Nikamuuliza jina la mkewe.

"Feza."

"Na mtoto?"

"Anakuwa na miaka mine sasa." Akaosha mikono. "Leo ndiyo unauliza."

Tulikwenda ofisi ya kambi. Lori lile lilikuwa limepelekwa kambi nyingine. Barua ikaandikwa, na safari hii niliisubiri iandikwe nikiwa nimesimama. Jibu lilichelewa, nalo lilisema hakuna mtu aliyejiandikisha kwa jina la Feza. Watu walijiandikisha kwa majina mengi. Asukulu hakuridhika na jibu; alitoka kambini bila kibali kwenda kutafuta mwenyewe, na sikumwona tena. Miaka kadhaa baadaye mchukuzi mmoja wa Kibirizi aliniambia amemwona Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anajenga kanisa, ana mke. Mwingine akasema amemwona huko huko, na alikuwa peke yake. Niliwauliza wote wawili kama yule mke alikuwa mshonaji. Wa kwanza akasema hakuangalia. Wa pili akanikumbusha kwamba yeye amesema hakuna mke.

Nilimtuma Mikaeli abandue lipu. Ilikuwa imeshikana na uso kama kitu kimoja. Alipogonga mara ya kwanza kikaanguka kipande chenye sehemu ya pua aliyoitengeneza Asukulu kwa ndani. Nikamwambia aache, apige lipu tena. Mikaeli ni fundi mzuri. Alipiga vizuri mara zote mbili.

Wiki iliyopita nilizunguka na Neema, aliyechukua nafasi yangu, kukabidhi mali moja moja. Tulimaliza Kibirizi. Meza ya Bi Mwajuma sasa ina binti yake. Neema akasoma leja: "Sanamu, mwanamke, saruji, moja. Hali: nzima." Akatazama juu. "Mzee, kila mwaka umeandika nzima?"

"Fomu ina nzima, mbovu na imepotea."

"Na hii ni ipi?"

"Andika haina uso."

"Hakuna safu ya hiyo, Mzee wangu."

"Andika pembeni."

Akaandika. Akauliza sababu ya upungufu. Nikamwambia aandike ukarabati mdogo, na aliyeuagiza, na nikamtajia jina langu kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Akasita, kisha akaandika. Nilipodhani amemaliza, akaniuliza jambo ambalo mimi nilichelewa kuliuliza.

"Na huyu mama alikuwa nani?"

"Feza. Mshonaji, wa Baraka."

Akaliandika kwa wino, kwenye leja ya samani za nje, kati ya mabenchi na mapipa. Namba ya zamani ilikuwa imefutika kwa mvua, kwa hiyo akatoa bati na kopo la rangi. Mimi nilikuwa nimekaa pale kitakoni, magoti yananisumbua siku hizi.

"Samahani, Mzee, sogea kidogo nipake namba."

Nikasogea.